Mwanamume Asiyejua Kunyamaza

Pwani hii nzima, hospitali yetu haikuona mkufunzi mwingine wa kumwita ila Kheri.

Nililiona jina lake kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni mwa chumba cha chai. Mafunzo ya siku tatu kwa wafanyakazi wote wa ICU: namna ya kumhudumia mgonjwa anayekaribia kufa, na namna ya kuzungumza na jamaa zake. Mkufunzi, Kheri Mwinyi wa Shimoni. Nikalisoma mara ya pili, nikalisoma ya tatu, kisha nikampigia simu mkubwa wetu wa wauguzi kuomba likizo. Akacheka akakata.

Wiki tano nilikuwa sijasema na Kheri. Akipiga simu nilikuwa naiangalia ikilia mpaka inyamaze yenyewe. Na kwa kuwa najua wako watakaosema nilimwonea, nitaeleza kisa.

Kheri alikuja kwetu Tiwi kujitambulisha, yeye na ami yake. Wiki nzima nilikuwa nimemtayarisha. Nilimwambia, Mama akikuuliza kazi, sema wewe ni muuguzi, halafu unywe chai. Hilo tu. Siku ilipofika Mama alikuwa amepika kaimati tangu alfajiri, na vikombe vya maua ambavyo hata Idi havitoki kabatini, siku hiyo vikatoka.

"Na wewe mwanangu, unafanya kazi gani?" Mama akauliza.

"Mimi ni muuguzi, Mama."

Nikashusha pumzi.

"Mashallah. Muuguzi wa nini?"

Mama alikuwa anauliza kwa adabu tu. Angejibiwa "wa wagonjwa" angetosheka. Lakini Kheri akaweka kikombe chini, akakaa sawa.

"Nawahudumia watu ambao hawatapona, Mama. Nahakikisha hawaumii, wako na watu wao, na wanakufa vizuri."

Shangazi yangu akapaliwa na kaimati. Kheri akadhani ameguswa na maneno, akaendelea. Alieleza habari ya maumivu, akaeleza habari ya dawa ya mofini, akasimulia kifo cha bibi mmoja wa Vanga mpaka ami yake akamvuta kanzu. Mwisho akamgeukia Mama yangu, mjane wa miaka hamsini na sita ambaye bado analima mihogo kwa mkono wake, akamuuliza kwa upole kabisa:

"Je, Mama, umewahi kufikiria ungependa kufia wapi?"

Mama akavikusanya vikombe. Vingine vilikuwa na chai bado.

Walipoondoka aliniambia, "Tangu afe babako hakuna mwanamume aliyeketi sebuleni humu kutaka mtoto wangu. Wa kwanza anakuja kuniuliza nitafia wapi. Asikanyage tena."

Nami nilipomwambia Kheri kwenye simu, alinijibu nini? "Nilijibu nilichoulizwa, Yusra." Hata samahani hakusema. Nikakata simu, na hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho mpaka Jumanne ile.

*

Tulikuwa kumi na moja ndani ya chumba cha mikutano. Mimi nilikaa nyuma, karibu na Kenga, muuguzi mwenzangu, kijana wa Kinango ambaye hawezi kuiona huzuni ya mtu asiifanyie mzaha. Mbele alikaa Daktari Elijah, mkubwa wa ICU yetu, na simu yake juu ya paja.

Kheri akaingia. Alikuwa amekonda, na shati lile la samawati nililomchagulia mwenyewe lilikuwa limemlegea mabegani. Macho yake yakapita safu ya kwanza, yakapita ya pili, yakafika kwangu yakakaa. Nami nikayatazama makusudi, nione nani atainamisha kichwa. Niliinamisha mimi. Hilo nalo likaniudhi.

"Habari ya asubuhi, Sista Yusra," akasema.

"Njema, Mwalimu."

"Ehee," Kenga akaninong'oneza. "Kumbe ndiye huyu?"

"Andika, Kenga."

Asubuhi nzima nikaandika na mimi, bila kusikia. Kisha akaleta maigizo. Kila mmoja atakuwa muuguzi, na mwenzake atakuwa jamaa wa mgonjwa mahututi. Kenga akajitolea kuwa mke, akalia kwa sauti mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Zamu yangu ilipofika nikajikuta sina mwenzi, maana tulikuwa kumi na moja.

"Nitacheza mimi," Kheri akasema. Akavuta kiti mbele yangu, magoti yetu yakabaki shibiri moja. "Mimi ni mtoto wa mgonjwa. Baba yangu yuko kwenye mashine ya kupumulia siku ya kumi na moja. Figo zimesimama, ubongo umeharibika kwa damu iliyovuja. Madaktari wote mnajua hatarudi. Haya. Sista, baba yangu anaendeleaje?"

Hilo halikuwa igizo. Huyo alikuwa mgonjwa wetu wa kitanda cha nne. Bila shaka Kheri alionyeshwa faili lake alipozungushwa wodini. Alichokuwa hakijui ni kwamba Mzee Chirau wa kitanda cha nne ni jirani yetu Tiwi, na mkewe, Bi Maimuna, ndiye aliyenifundisha juzuu ya kwanza ya Kurani barazani kwake.

"Anaendelea vizuri," nikasema. "Tunamwombea Mungu."

"Anaendelea vizuri kwenda wapi, Sista?"

Watu wakacheka.

"Unataka nimwambieje?" nikasema. "Nimpige na ukweli usoni tu? Mtu amekuja na chupa yake ya uji, amekaa anangoja, nimwambie babako anakufa, mwingine aingie?"

"Sijasema hivyo."

"Ndivyo unavyofanya! Wewe unaona ukiwa na ukweli mkononi basi kazi yako imekwisha. Hutazami uko nyumba ya nani. Hutazami mtu amekupikia nini. Unafungua mdomo tu."

Kicheko kikakatika. Kheri alinitazama, na nikaona kwamba ameelewa hatuko tena kwenye igizo.

"Hilo ni kweli," akasema taratibu. "Lakini na mimi nikuulize, Yusra. Huyo wa kitanda cha nne, mkewe ameambiwa?"

Nikamtazama Daktari Elijah. Daktari Elijah akaitazama simu yake.

"Siku kumi na moja," Kheri akasema. "Nani anayeingoja hiyo saa nzuri ya kumwambia? Yeye au sisi?"

Nikasimama nikatoka. Watu wakadhani ninakwenda msalani.

Alinifuata mpaka ujiani, penye birika la maji ya kunywa. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Nisamehe. Kenga ameniambia ni jirani zenu. Sikujua unawajua."

"Mimi sitaki uniombe samahani ya huyu. Niombe ya Mama."

"Nilitaka anijue nilivyo. Ningeficha, angekuja kuambiwa na watu, aone nimemdanganya."

"Nani alikwambia ufiche? Nilikuambia usimwage yote kwa siku moja! Mtu hawezi kula kaimati na kufa kwa wakati mmoja, Kheri!"

Akataka kucheka, akajizuia, na kule kujizuia kwake kukanikumbusha kila kitu nilichokuwa nimejikataza kukumbuka kwa wiki tano. Nikamgeuzia mgongo nikanywa maji ambayo sikuyahitaji.

"Nakukosa," akasema.

"Rudi ukafundishe."

*

Saa sita ni saa ya kuona wagonjwa. Bi Maimuna alikuja, na kama kila siku alisindikizwa na Mama yangu, kikapu mkononi. Nikamwomba Mungu Kheri abaki kule kule chumba cha mikutano na projekta yake.

"Shikamoo, Bi Maimuna."

"Marahaba, mwanangu. Ameamkaje leo?"

Ulimi wangu ulikwishazoea. "Ana—" nikaanza, nikaishia hapo.

Wala hakungoja. Alikuwa ana haraka ya jambo jingine. Akanishika mkono akanivuta kando ya mlango.

"Nataka uniambie kitu, wewe unayajua mambo haya. Nimemleta fundi. Choo chetu ni cha kuchutama, na Mzee akirudi miguu haitakuwa na nguvu. Sasa fundi anataka kujua kile cha kukalia akijenge urefu gani. Anaanza kesho asubuhi. Nikapima kiti chake cha barazani, nikaona labda kipungue kidogo." Akatoa kamba kutoka kwenye pindo la leso, akainyoosha mbele yangu. Ilikuwa na fundo mahali alipopima. "Hapa panatosha?"

Nilikitazama kile kifundo. Ningesema "panatosha" na angekwenda zake. Fundi angejenga. Kila adhuhuri angekuja na habari za saruji.

"Ningoje kidogo, Bi Maimuna," nikasema.

Nikamkuta Daktari Elijah ofisini kwake. Nikamwambia mke wa kitanda cha nne yuko nje, anajenga choo, lazima aambiwe sasa hivi.

"Sista, hiyo maneno tutaongea nayo jioni. Niko na simu ya Nairobi."

"Jana pia ulikuwa na simu ya Nairobi."

"Sista Yusra."

"Daktari, wewe unajua, mimi najua, na anayefagia wodi anajua. Mama wa watu anapima choo kwa kamba!"

Akainua mkono, simu sikioni. Nikaufunga mlango kwa nguvu kuliko inavyoruhusiwa, nikaenda moja kwa moja chumba cha mikutano. Kheri alikuwa anakula mahamri makavu peke yake.

"Njoo," nikamwambia. "Na usiseme kitu. Umenisikia? Nitasema mimi. Wewe ukae tu."

Akafuta mikono akanifuata.

Hatuna chumba cha kuzungumzia na jamaa. Tuna stoo ya glavu. Kheri akaingia kwanza, akasogeza maboksi, akaleta viti vitatu, akavipanga karibu karibu, na cha Bi Maimuna akakiweka kisielekee mlango wa kioo ambapo watu wangemwona. Mimi miaka sita niliyofanya kazi pale sijawahi kuwaza kiti kielekee wapi. Mama alipomwona, uso ukamkunjamana.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Mama, tafadhali."

"Basi naingia na mimi." Akasimama nyuma ya Bi Maimuna, kikapu kifuani.

Nikakaa. Nikamshika Bi Maimuna mikono yote miwili, na ile kamba ikiwa ndani.

"Bi Maimuna, nina habari nzito. Mzee Chirau ni mgonjwa sana. Damu iliyovuja kichwani imeharibu ubongo. Figo nazo zimesimama. Tumejaribu kila dawa tuliyo nayo, lakini... sasa tunaangalia kama..."

Nilikuwa nateleza. Nikajisikia mwenyewe nikiteleza, naitafuta njia ya kurudi kwenye maneno mazuri. Nikamtazama Kheri. Hakusema neno, alinitazama tu, na macho yake hayakuwa na ukali wa mwalimu. Yalikuwa yananiambia yuko pamoja nami.

"Fundi asianze," nikasema. "Mzee hatarudi nyumbani. Anakufa, Bi Maimuna. Naona ni siku mbili, au tatu."

Mama akasema "Ya Rabbi" kwa sauti ndogo.

Bi Maimuna akaitazama ile kamba. Nami kila neno likanijia mdomoni kwa mpigo: subiri, Mungu mkubwa, jikaze, miujiza iko. Kheri akauweka mkono wake kifudifudi juu ya goti lake mwenyewe, kidogo tu, nami nikajua maana yake ni ngoja. Nikangoja. Ulikuwa muda mrefu kuliko wowote niliowahi kukaa bila kusema mbele ya mtu anayeumia.

"Nilijua siku ya nne," Bi Maimuna akasema. "Nilimshika miguu ikawa baridi, siyo baridi ya chumba. Nikajua. Lakini kila nikija mnaniambia vizuri, vizuri. Nikaona labda ni mimi nina moyo mbaya. Nikaona aibu kuuliza. Ndiyo nikaita fundi, ili nisionekane nimemkatia mume wangu tamaa."

Hapo mimi ndiye niliyelia. Na yeye ndiye aliyeniliwaza, akanifuta uso kwa leso yake, na hilo halimo kwenye mafunzo yoyote.

"Ungependa tumfanyieje?" nikamuuliza nilipoweza.

"Nataka niwe karibu na sikio lake. Si kumchungulia dakika kumi kama maonyesho. Na watoto waje wote sita. Na asomewe Yasini kwa sauti ya mtu, msimwekee simu. Basi."

*

Ukimsikia mtu anasema "basi" hivyo, unadhani ni kazi rahisi. Sheria ya ICU yetu ni wageni wawili, dakika kumi. Mkubwa wetu wa wauguzi akaniambia watoto sita ni mkutano wa hadhara. Nikamwambia aje awafukuze yeye. Nesi wa kitanda cha tano akalalamika kelele. Kitanda cha nne hakigeuki kuelekea kibla kwa sababu mpira wa oksijeni ni mfupi, na gurudumu moja lilikwama tangu mwaka juzi. Kheri na Kenga wakalala chini na bisibisi, wanatukana gurudumu kwa Kidigo na Kiduruma, mpaka Bi Maimuna akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Huyo nani wako?" akaniuliza.

"Si mtu wangu," nikasema. Mama akanitupia jicho.

Jumatano jioni, Daktari Elijah alikuja mwenyewe. Hakuwa na simu. Alikaa kwenye stoo ya glavu na watoto wa Mzee, akawaeleza kwamba moyo ukisimama hatutambonyeza kifua, kwa sababu tutamvunja mbavu bure, na kwamba dawa ya maumivu haitakatizwa hata saa moja. Alipotoka akaniambia, "Sista, mimi nilifundishwa kuokoa tu. Hakuna mwenye alinifundisha hii." Nikashindwa kumkasirikia, ingawa nilikuwa nimejiandaa.

Mzee Chirau alifariki Alhamisi kabla ya adhuhuri. Kenga alikuwa amezima king'ora cha skrini ya mapigo ya moyo, kwa hiyo ndani ya pazia palikuwa na sauti ya mwanawe mkubwa akisoma, na Bi Maimuna amemwinamia mumewe sikioni, anamlakinia shahada neno kwa neno. Inna lillahi. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyepiga kelele. Kenga, ambaye sijawahi kumwona bila mzaha, alisimama ukutani akalia kimya.

Nilipotoka nje ya pazia Kheri alikuwa pale, amebeba trei ya vikombe vya chai ya familia. Tukatazamana. Hakuna aliyeinamisha kichwa safari hii.

*

Siku ya hitma ya Mzee Chirau, Jumapili, tulikuwa uani kwa Bi Maimuna tunachambua mchele, Mama na mimi, sinia moja kati yetu. Wanaume walikuwa upande wa pili wa makuti. Kheri alikuwapo. Alikuja kuzika na alikuja tena leo, na sikuwa nimemwalika.

"Yule hakusema neno siku ile," Mama akasema, bila kuinua macho.

"Nilimkataza."

"Kumbe anakatazika?"

"Kwa shida."

Akatoa jiwe kwenye mchele akalitupa. "Mimi bado simtaki kuwa mkwe wangu. Ujue hilo."

"Mama, nimechoka na hayo maneno."

"Ngoja nimalize. Simtaki. Lakini siku yangu ikifika sitaki kulala kitandani huku watu wananidanganyia mwanangu kwa wiki mbili. Nataka aje yeye, apange viti vyake, akae na wewe."

Nikaliweka sinia chini.

"Sasa Mama, utampataje siku hiyo na umemfukuza? Atakuwa mume wa mtu mwingine huko Shimoni, ana watoto wanne, wewe umuagize tu aje kama fundi wa bomba?"

"Hilo ndilo linaloniudhi!" Mama akasema, na akaupiga mchele kwa kiganja mpaka ukaruka. "Nimelifikiria siku tatu. Sioni pa kupitia." Akainuka akijikung'uta. "Mwambie aje na wazee wake. Wiki hii hii, kabla sijabadilisha mawazo. Na wewe usinitazame hivyo."

Nikampata Kheri anakunja mikeka, watu wengi wamekwishaondoka. Nilimpa habari kavu kavu, kama ninavyotoa ripoti ya zamu. Mama amekubali, alete wazee, wiki hii. Nilidhani ataruka. Akaweka mkeka chini.

"Huyo ni Mama," akasema. "Na wewe? Wewe wanitaka?"

Ningeweza kumjibu "tutaona." Ningeweza kumwambia "Mungu akipenda" na kuinamisha macho, na mwanamume mwingine yeyote wa pwani hii angetosheka na kujua mwenyewe. Huyu angesimama pale mpaka Isha akingoja jibu.

"Nakutaka," nikasema. "Nilikutaka wiki zote tano, kila simu ilipolia. Na nimekukasirikia bado, na nitakukasirikia mpaka uniombe radhi kama watu. Yote mawili ni kweli."

Akafungua mdomo.

"Neno moja tu, Kheri."

"Radhi," akasema.

Nikaushika upande wa pili wa mkeka, tukaukunja.